Modeli ya jengo inavyoandaliwa kwa kukatwa na leza: kwa nini namba moja ikikosewa vipande vyote vinagoma

Mama mmoja anayeuza mitumba hapa sokoni Kiboriloni alinipigia simu baada ya kipindi cha asubuhi. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, halafu akaingia moja kwa moja kwenye shida yake: "Mwanangu, wewe wa redio unajua mambo ya kompyuta. Binti yangu yuko chuo, anasomea kuchora majumba. Wiki mbili zilizopita aliomba hela ya kukatia modeli kwa leza, nikatuma. Jana anaomba tena, hela ileile, kitu kilekile. Eti mbao ilikuwa nene. Niambie ukweli, mtoto ananipiga?"

Nilimwomba siku tatu, maana sikuwa na jibu. Nikatafuta wanaoifanya kazi hiyo, nikakaa nao, nikauliza maswali ya kijinga hadi nikaelewa. Jibu fupi nililompa mama ni kwamba binti hakudanganya. Jibu refu ndilo hili unalosoma, na nimeliandika kwa sababu najua si yeye peke yake mwenye mtoto anayeomba hela ya vitu ambavyo mzazi hajawahi kuviona.

Modeli ni ya nini?

Mbunifu majengo akimaliza kuchora, wengi wetu tukiangalia ule mchoro tunaona mistari tu. Kamati ya ujenzi ya kanisa au ya shule inaweza kukaa na ramani mezani saa mbili, wajumbe wakitikisa vichwa, na kila mmoja ana jengo lake tofauti kichwani. Modeli, yaani jengo dogo la mbao au kadibodi, inaondoa hilo. Unaizunguka, unachungulia mlangoni, unaona jua litaingia upande gani. Mzee ambaye hajawahi kusoma ramani atakuambia papo hapo kwamba ngazi imekaa vibaya.

Zamani modeli zilikatwa kwa wembe na rula, na hadi leo wanafunzi wengi hufanya hivyo. Siku hizi ipo mashine ya leza. Inashusha mwali mwembamba wa mwanga wenye joto kali, unafuata mistari uliyochora kwenye kompyuta na kuunguza mbao hadi inatengana. Leza ya kwanza iliwashwa Marekani mwaka 1960 na Theodore Maiman. Aina ya gesi ya kaboni dioksidi, ambayo ndiyo hutumika sana kukatia mbao na plastiki, ilibuniwa na Kumar Patel mwaka 1964. Ndani ya dakika chache mashine inakata kazi ambayo kwa wembe ingekula usiku mzima.

Lakini leza ni mtumwa mtiifu kupita kiasi. Haikuulizi kama una uhakika. Ukichora vibaya, itakata vibaya kwa usahihi mkubwa.

Vigezo: somo la fundi cherehani

Hapa ndipo linaingia neno ambalo mama alilisikia kwa binti yake na likamchanganya: usanifu wa parametriki. Kwa Kiswahili chepesi tuuite usanifu wa vigezo.

Nenda kwa mafundi cherehani wanaopunguza suruali za mitumba. Fundi mzuri hakumbuki suruali, anakumbuka uhusiano. Kiuno kikipungua hiki, basi paja lipungue kile, na mfuko usogee hapa. Ukimpa mtu mwenye kiuno kingine haanzi upya, anabadilisha namba moja na nyingine zinaifuata.

Usanifu wa vigezo ndio huo, ila kompyuta ndiyo inayokumbuka. Badala ya kuchora mstari wa milimita 60, unaandika kwamba urefu wa ukuta ni urefu wa chumba ugawanywe kwa kipimo cha modeli. Badala ya kuchora mwanya wa milimita 3, unaandika kwamba upana wa mwanya ni unene wa mbao. Namba unazoweza kubadilisha ndizo vigezo. Mchoro wote unaning'inia juu yake.

Wazo lenyewe si la jana. Mwaka 1963 Ivan Sutherland, akiwa chuo cha MIT huko Marekani, alionyesha programu iitwayo Sketchpad ambayo iliweza kukumbuka masharti, kwa mfano kwamba mistari hii miwili lazima ibaki sambamba. Wasanifu wengi wa leo hutumia Grasshopper, iliyoanzishwa na David Rutten mwaka 2007, ambayo hufanya kazi ndani ya programu ya Rhino. Hiyo ni ya kulipia. Za bure zipo, nitazitaja.

Na kabla ya kompyuta kuwafikia wasanifu wetu, fikra ya kipande kimoja kinachorudiwa kwa kanuni ilikuwepo. Soko la Kariakoo, Dar es Salaam, lililosanifiwa na Beda Amuli miaka ya 1970, lina paa la miavuli ya zege iliyogeuzwa juu chini, mmoja baada ya mwingine. Ukielewa mwavuli mmoja na nafasi kati yake na wa pili, umelielewa paa zima.

Tuchukue nyumba ya msonge

Ili nielewe, niliomba wanifundishe kwa kitu ninachokijua. Tukachagua msonge, nyumba ya asili ya Wachagga, ile ya mviringo iliyoezekwa nyasi tangu kilele hadi karibu na ardhi, ambamo watu na ng'ombe walilala chini ya paa moja. Kama hujawahi kuiona, ukifika Marangu kwenye makumbusho ya Kichagga utaikuta imejengwa.

Msonge unafaa kwa somo hili kwa sababu wazee wenyewe waliujenga kwa aina mbili za viungo: fito zinazopanda kwenda kileleni, na fito zilizokunjwa kuwa pete kuzunguka nyumba. Modeli ya leza inafuata njia hiyohiyo. Tutaita za kwanza mbavu na za pili pete.

Tuseme nyumba ina upana wa mita 6 na urefu wa mita 5, na modeli ni ya kipimo cha 1 kwa 20. Mita 6 zinakuwa milimita 300, mita 5 zinakuwa milimita 250. Tuweke mbavu 12 na pete 5, kila pete ikiwa juu ya nyingine kwa milimita 50. Kwa kuwa umbo ni la pia, nusu-upana unapungua kwa mpangilio: pete ya chini kabisa ni milimita 150 kutoka katikati, inayofuata 120, kisha 90, 60 na 30. Kompyuta haihitaji kuambiwa namba hizi zote tano. Inaambiwa upana, urefu na idadi ya pete, nyingine inazikokotoa.

Mbavu na pete zinaungana bila gundi nyingi. Pete inakatwa mwanya kutoka nje hadi nusu ya upana wake, ubavu unakatwa mwanya kutoka ndani hadi nusu ya upana wake, halafu ubavu unasukumwa kutoka nje na kila kimoja kinaingia kwenye mwanya wa mwenzake. Mbavu 12 mara pete 5 ni viungo 60. Kila kiungo kina mianya miwili. Kwa hiyo msonge wetu mdogo, unaokaa juu ya stuli, una mianya 120.

Ikariri hiyo 120. Ndiyo iliyomgharimu mama.

Mbao ya milimita 3 ambayo si ya milimita 3

Plaiwudi ikiandikwa milimita 3 dukani, usiiamini. Inaweza kuwa 2.7, inaweza kuwa 3.2, na mbao mbili za rundo moja zinaweza kutofautiana. Kwa kabati la jikoni haina shida. Kwa mianya 120 inayotakiwa kubana, ni shida kubwa.

Kuna na jambo la pili. Kila aliyewahi kusimama karibu na fundi seremala amesikia kwamba msumeno unakula mbao. Ukipasua ubao wa futi moja katikati hupati nusu mbili kamili, kwa sababu unga ulioanguka chini ulikuwa ubao. Leza nayo inakula, ila kidogo sana, mara nyingi kama milimita 0.1 hadi 0.3 kutegemea mashine, mbao na kasi. Ukichora mwanya wa milimita 3 kamili, leza ikapita na kula 0.2, unapata mwanya wa 3.2 na ubavu unacheza ndani kama jino bovu. Kwa hiyo kanuni inaandikwa hivi: upana wa mwanya kwenye mchoro ni unene wa mbao kutoa ulaji wa leza. Kwa mbao ya 3 na ulaji wa 0.2, unachora 2.8.

Binti alifanya hesabu hiyo vizuri. Alichora 2.8. Tatizo ni kwamba mbao aliyonunua ilikuwa 3.2 na hakuipima. Mianya ikatoka milimita 3 kamili, mbao ya 3.2 haikuingia. Akijaribu kusukuma, meno yanavunjika. Vipande vyote vilikuwa vizuri kwa macho na havikufaa hata kimoja.

Na hapo ndipo tofauti ya njia mbili za kuchora inaonekana. Aliyechora kwa mkono kwenye kompyuta, mstari kwa mstari, lazima arudi kwenye mianya 120 na kuirekebisha mmoja mmoja, na akisahau mitatu atajua baada ya kulipa. Aliyechora kwa vigezo anafuta 3, anaandika 3.2, na mianya yote 120 inajirekebisha kuwa 3.0 kabla hajameza mate. Mbao iliyoharibika haitarudi kwa njia yoyote ile, lakini usiku wa kazi unaokolewa.

Kupima ulaji ni rahisi na mtu yeyote anaweza. Chora mstatili wenye upana wa milimita 100, uugawe kwa mistari kuwa vipande 10 sawa, ukate. Vipange vipande vikibanana, pima upana wa jumla kwa kalipa. Ukipata 98, milimita 2 zimeliwa. Gawa kwa 10, ulaji ni 0.2. Halafu kata kipande kidogo cha majaribio chenye mianya mitano ya upana tofauti kidogo, jaribu kuingiza mbao, uone upi unabana bila kuvunja. Hiyo ni kazi ya dakika tano kwenye kipande cha taka. Kila niliyezungumza naye alikiri kwamba amewahi kuiruka akajuta.

Kigezo kimoja kinaweza kuvunja kingine

Nilidhani nimeelewa, nikasema basi tuongeze mbavu ziwe 24, nyumba ipendeze. Yule aliyenifundisha akacheka akaniambia ibadilishe mwenyewe.

Kule juu mbavu zinakusanyika. Kila moja ina unene wa milimita 3, kwa hiyo 12 zikisimama bega kwa bega katika duara zinahitaji mzingo wa milimita 36, yaani nusu-upana wa kama 5.7. Kwenye pete ya juu, ukingo wa ndani wa ubavu uko milimita 10 kutoka katikati, nafasi ipo. Mbavu zinaweza kupanda hadi kimo cha 206 hivi, kisha kofia ndogo inafunika kilele. Lakini mbavu 24 zinahitaji mzingo wa 72, nusu-upana wa kama 11.5. Zinagongana kabla hazijafika kwenye pete ya juu iliyoko kimo cha 200. Kwenye kioo cha kompyuta picha ilibaki nzuri tu, mbao zikipita ndani ya mbao nyingine kama mizimu.

Ndiyo maana mchoro mzuri wa vigezo una masharti pia: mbavu ziishie pale nafasi inapoisha, na pete ya juu ishuke ikibidi. Kompyuta inafuata uhusiano uliouandika. Usiouandika haiujui.

Kwa nyumba ya kawaida ya kuta nne mambo ni mepesi zaidi. Ukuta wa tofali la inchi 6 ukiugawa kwa 50 unapata takribani milimita 3, ndiyo sababu wanafunzi hupenda kipimo cha 1 kwa 50 na plaiwudi nyembamba. Chumba cha mita 3 kwa 4 kinakuwa milimita 60 kwa 80. Kosa la kawaida ni pembeni: kuta mbili zikikutana, moja lazima ipunguzwe kwa unene wa nyingine, la sivyo nyumba inatoka na sikio.

Kupanga vipande kwenye ubao

Hili ndilo lililonifurahisha kuliko yote, labda kwa sababu nimekua nikiona watu wakibana matumizi ya kila kitu.

Tuseme kitanda cha mashine ni milimita 600 kwa 400. Pete tano zikikatwa kila moja mahali pake, zinakula ubao mwingi na katikati zinabaki duara za taka. Lakini pete zetu zina upana wa milimita 20. Ya kwanza ina nusu-upana wa nje wa 150, hivyo ndani ni 130. Ya pili ni 120, inalala ndani yake. Ndani ya hiyo ni 100, na ya tatu ni 90. Zote tano zinaingia moja ndani ya nyingine kama sufuria za bibi harusi, kwenye eneo la milimita 300 kwa 300 tu. Mbavu 12 zikilazwa ubavuni zinahitaji kama milimita 262 za upana. Jumla ni 562, na ubao mmoja unatosha msonge mzima.

Ukipanua pete kuwa milimita 35 ili ziwe imara, ya kwanza inabaki na nafasi ya 115 ndani, na ya pili yenye 120 haiingii. Kigezo kimoja kimekununulia ubao wa pili.

Kila kipande kiandikwe namba kwa leza ileile, kwa nguvu ndogo ya kuchora juu bila kutoboa. Mbavu 12 zinafanana, sawa, lakini kwenye umbo lisilo la duara hakuna viwili vinavyofanana, na bila namba utakaa chini na vipande 80 kama mtu aliyemwaga mahindi na maharage pamoja.

Kabla ya kupeleka faili

Mashine hutambua kazi kwa rangi ya mstari, na kila karakana ina utaratibu wake: rangi moja ni kukata, nyingine ni kuchora juu. Uliza kwanza. Maandishi yachorwe kabla, kisha matundu na mianya ya ndani, mwisho ukingo wa nje, kwa sababu kipande kikishatengana kinaweza kusogea.

Kagua mistari iliyolala juu ya mingine. Huioni kwa macho, lakini leza itapita mara mbili, itaunguza zaidi, na wewe utalipia muda mara mbili. Faili za aina ya DXF mara nyingine zikifunguliwa kwenye kompyuta nyingine hupotea vipimo, milimita ikasomwa kuwa inchi. Weka mraba wa milimita 100 pembeni ya mchoro, na mwendesha mashine aupime kwenye kioo kabla ya kubonyeza.

Usikubali kukatiwa plastiki ya PVC, ile ya mabomba. Ikiungua hutoa gesi ya haidrojeni kloraidi, inayoumiza mapafu na kuozesha chuma cha mashine. Akriliki ni salama kukata kama moshi unavutwa nje vizuri. Na mashine isiachwe peke yake ikifanya kazi, maana mbao inaweza kushika moto. Umeme nao ukikatika katikati ya kazi, ubao usiguswe: ukisogea hata milimita moja, huwezi kuendelea ulipoishia.

Kwa anayetaka kujaribu

FreeCAD na OpenSCAD ni programu za bure za kompyuta zinazochora kwa vigezo. Ya kwanza ina jedwali la kuwekea namba zako, ya pili unaiandikia maneno na namba. Inkscape, bure pia, ni ya kusafishia mistari. Kwenye simu ipo Onshape, ila kioo kidogo kinachosha na bando linaenda haraka. Kwa mwanzo hata jedwali la hesabu la kwenye simu linatosha: weka upana, urefu, idadi ya mbavu, unene na ulaji, uandike kanuni, ubadilishe namba uone nyingine zinavyofuata. Mimi nilianza hivyo nikiwa kwenye daladala.

Kwa wenye watoto wanaotaka fani hii, ubunifu majengo hufundishwa Chuo Kikuu Ardhi, Dar es Salaam, kilichopata hadhi ya chuo kikuu kamili mwaka 2007. Na modeli iwe nzuri vipi, jengo lenyewe litahitaji michoro ya mtaalamu aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi.

Mzazi ukiombwa hela ya leza, maswali ya kuuliza ni mawili: mbao umeipima? kipande cha majaribio umekata? Ndiyo niliyompa yule mama. Hela alituma siku hiyohiyo, lakini alimwambia binti kwamba safari hii, kabla mashine haijawashwa kwa kazi kubwa, anataka picha ya kile kipande cha majaribio kwenye WhatsApp. Ilifika saa tano asubuhi. Akanipigia tena kuniuliza ni ipi kati ya ile mianya mitano iliyobana, nikamwambia amuulize mwenye kazi.